Anayepeleka Kodi na Anayeibeba

Kila mwaka inapokaribia Juni, mwezi ambao bajeti ya Serikali ya Tanzania husomwa bungeni Dodoma, wataalamu wa kodi huulizwa swali lilelile kwa maneno yaleyale: je, matajiri wanalipa kodi au hawalipi? Swali hilo limekwisha kuchosha, si kwa kuwa halina maana, bali kwa kuwa limeulizwa kwa namna ambayo jibu lolote litakalotolewa litapotosha. Hakuna tajiri asiyelipa kodi hata kidogo, maana hata yeye hununua mafuta ya gari na vocha ya simu. Na hakuna idadi ya mabilioni inayoweza, peke yake, kuthibitisha kwamba aliyeyalipa amelipa kwa haki. Haki katika kodi hupimwa kwa uwiano, yaani kodi ambayo mtu ameibeba yeye mwenyewe ikilinganishwa na kipato chake chote, kiwe cha mshahara, cha pango, cha riba, cha gawio au cha mali iliyopanda bei. Uwiano huo ukishajulikana, ukawekwa kando ya uwiano wa mtu mwenye kipato kidogo, ndipo mjadala unapoanza. Yanayosemwa kabla ya hapo ni kelele.

Kinachovuruga hesabu hii kuliko jambo jingine lolote ni imani kwamba matajiri ndio wanaoibeba nchi kwa sababu orodha ya walipakodi wakubwa imejaa kampuni zao. Ushahidi unaotolewa una sura ya ukweli. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ina Idara ya Walipakodi Wakubwa inayohudumia kampuni chache kati ya walipakodi wote waliosajiliwa, zikiwamo benki, kampuni za simu, viwanda vya bia na saruji na migodi, na sehemu kubwa ya makusanyo ya ndani hupitia mikononi mwa kampuni hizo. Hutolewa tuzo, hupigwa picha, husomwa risala. Kutoka hapo wasemaji huruka hadi kwenye hitimisho kwamba wenye kampuni hizo wamekwisha kulipa fungu lao na la wengine, na kwamba anayetaka watozwe zaidi ana kijicho.

Kosa la imani hii ni moja, nalo linatosha kuibomoa yote: inamchanganya anayepeleka kodi na anayeibeba. Risiti ya mashine ya EFD inayotolewa dukani inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Mteja anayenunua mabati ya shilingi 118,000 katika duka lililosajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile ambayo wengi huiita VAT na ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, hupewa risiti yenye mstari unaosema kwamba shilingi 100,000 ni bei ya bidhaa na shilingi 18,000 ni kodi. Juu ya risiti hiyo pamechapwa jina la muuzaji, namba yake ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, na namba yake ya usajili wa VAT. Jina la mnunuzi, hata linapoandikwa, halibadilishi chochote katika hesabu za makusanyo. Muuzaji hutoa kwanza VAT aliyotozwa yeye na waliomuuzia, hupeleka inayobaki, na waliomuuzia nao hupeleka ya kwao, hata mnyororo mzima unapokamilika zile shilingi 18,000 zinakuwa zimefika Hazina kwa majina ya wafanyabiashara. Aliyenunua mabati hayo ili aezeke vyumba viwili vyake vya Mbagala, Dar es Salaam, hatajwi popote, ingawa kila senti ya kodi hiyo ilitoka mfukoni mwake.

Ushuru wa bidhaa, ambao hutozwa kwa bidhaa na huduma maalumu kama bia, sigara, vinywaji baridi na muda wa maongezi, hufuata njia hiyohiyo: kiwanda au kampuni ya simu huupeleka, mnywaji na mpiga simu huubeba ndani ya bei. Kodi inayokatwa kwenye mishahara, yaani PAYE, iko wazi zaidi, kwa kuwa hati ya mshahara humwonyesha mfanyakazi kiasi alichokatwa, lakini mwajiri ndiye anayekipeleka TRA ndani ya siku 7 za mwezi unaofuata, na kwa hiyo benki yenye wafanyakazi maelfu huonekana katika takwimu kama mlipaji wa fedha ambazo hazikuwa zake hata siku moja. Kodi ya zuio nayo, ambayo mlipaji huikata kabla ya kumkabidhi mlipwaji haki yake, kwa mfano pale kampuni inapomlipa mwenye jengo pango la ofisi, ni ya mlipwaji na si ya kampuni. Kuzijumlisha kodi hizi zote na kuziita mchango wa mwenye kampuni ni sawa na kumsifu kondakta wa daladala kwa ukarimu kwa sababu jioni amemkabidhi tajiri wa gari nauli za abiria wote.

Tena mpelekaji hafanyi kazi hiyo kwa hasara tupu. Ritani ya VAT, yaani taarifa ambayo mfanyabiashara huiwasilisha kueleza alichouza, alichonunua na kodi anayodaiwa, pamoja na malipo yake, hutakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo kampuni iliyouza kwa fedha taslimu siku ya kwanza ya mwezi hukaa na kodi ya wateja wake kwa takriban siku 50 na kuizungusha katika biashara bila riba. Ni kweli kwamba muuzaji wa mkopo hukumbwa na kinyume chake, kwa maana hudaiwa VAT kabla hajalipwa na mteja, na ni kweli pia kwamba kutunza vitabu na kuwalipa wahasibu kuna gharama. Gharama hizo zinastahili kujadiliwa kwa jina lake, lakini gharama ya kupeleka kodi si kodi, na mhasibu anayezichanganya katika vitabu vyake angefukuzwa kazi.

Zikiondolewa VAT, ushuru wa bidhaa, PAYE na kodi ya zuio, sehemu kubwa ya kinachobaki katika lile fungu la mabilioni ni kodi ya mapato ya kampuni, ambayo ni asilimia 30 ya faida. Hapa watetezi wa matajiri wana hoja ya haki inayopaswa kukubaliwa bila kusita. Katika kila shilingi 100 za faida, kampuni hulipa 30. Zinazobaki 70 zikigawiwa kwa wenye hisa kama gawio, yaani sehemu ya faida wanayopewa wamiliki, hukatwa asilimia 10, ambayo ni shilingi 7, na jumla ya kodi inakuwa 37, au 33.5 ikiwa kampuni imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambako gawio hukatwa asilimia 5. Hesabu hii ni sahihi. Udhaifu wake ni kwamba inahusu fedha zilizokiriwa kuwa faida tu. Gari la kifahari, ada za watoto wanaosoma ng'ambo na nyumba anayoishi mkurugenzi, vikiandikwa vitabuni kama gharama za biashara, hupunguza faida kabla ya asilimia 30 kuigusa. Sheria hairuhusu gharama binafsi kukatwa hivyo, lakini kukatazwa ni jambo moja na kukaguliwa ni jingine. Zaidi ya hayo, wanauchumi hawajakubaliana ni sehemu gani ya kodi ya kampuni inayobaki mabegani mwa wenye hisa, na ni ipi inayosukumwa kwa wafanyakazi kupitia mishahara iliyodumaa au kwa wateja kupitia bei.

Anayedhani kwamba tofauti hii ni ya vitabuni tu na aitazame Uganda. Watafiti waliochunguza kodi ya watu wenye mali nyingi nchini humo walikuta kwamba wakurugenzi wachache sana wa kampuni zilizoongoza kwa kulipa kodi ndio waliokuwa wakilipa kodi ya mapato binafsi, na kwamba miongoni mwa maofisa wakuu 71 wa serikali waliokuwa na vitega uchumi vikubwa, aliyeonekana kuilipa alikuwa mmoja. Kampuni ilikuwa mlipakodi mkubwa. Mwenye kampuni, kama mtu, kwa kawaida hakuwamo kabisa katika orodha ya walipaji wa kodi ya mapato binafsi. Mwaka 2015 mamlaka ya mapato ya nchi hiyo iliunda kitengo maalumu cha kuwafuatilia watu hao, na idadi ya waliowasilisha ritani zao ilipanda mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, bila kiwango cha kodi ya mapato binafsi kuongezwa.

Baada ya imani hiyo kuwekwa kando, swali lenye maana linaweza kuulizwa: je, watu wawili wenye kipato sawa hubeba mzigo sawa wa kodi? Mfanyakazi wa Dar es Salaam anayelipwa shilingi 1,500,000 kwa mwezi, akishakatwa mchango wa pensheni wa asilimia 10, hubaki na kipato kinachotozwa kodi cha shilingi 1,350,000. Jedwali la kodi ya mishahara husamehe shilingi 270,000 za kwanza, kisha hupanda kwa ngazi za asilimia 8, 20 na 25, na kila shilingi inayozidi milioni moja hutozwa asilimia 30. Kwa hiyo mfanyakazi huyo hukatwa shilingi 128,000 kwa milioni ya kwanza na shilingi 105,000 kwa zile 350,000 zinazozidi, jumla 233,000 kwa mwezi na 2,796,000 kwa mwaka. Kando yake awekwe mtu aliyewekeza shilingi milioni 150 katika hatifungani ya serikali ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 12.56, hatifungani ikiwa ni hati ya mkopo ambao mwananchi huikopesha serikali. Mtu huyo hupokea shilingi 18,840,000 kwa mwaka, zaidi kidogo ya shilingi 18,000,000 za mwenzake, na kodi ya mapato yake kwa riba hiyo ni sifuri. Sababu ya msamaha huo inaeleweka, kwani serikali hutaka kukopa kwa urahisi na sehemu kubwa ya hatifungani hizo iko mikononi mwa benki na mifuko ya pensheni. Lakini mwenye milioni 150 za kuweka kando kwa miaka 25 si mtu wa kipato cha chini, na hakuna mantiki ya usawa inayoweza kueleza kwa nini jasho litozwe na riba iachwe.

Mali isiyohamishika huliweka jambo hili wazi zaidi. Kiwanja kilichonunuliwa Bunju au Kigamboni na kushikiliwa kwa miaka mingi huongeza utajiri wa mwenyewe kila mwaka bila kutozwa kodi ya mapato, kwa kuwa sheria hutambua faida siku ya mauzo tu. Siku hiyo mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida, ambayo ni theluthi ya kile kinachotozwa kwenye shilingi ya mwisho ya mfanyakazi aliyetajwa. Asiyetaka hata kodi hiyo hahitaji kuuza: anaweza kukiweka kiwanja rehani benki na kuishi kwa mkopo, ambao kisheria si kipato, kisha kukiacha kwa warithi wake katika nchi isiyo na kodi ya mirathi. Hakuna hila wala jinai katika mfuatano huo. Kila hatua yake ni halali, na ndiyo maana wanaowatafuta wezi wa kodi ili waeleze pengo hili hupoteza muda wao.

Kodi ya majengo ndiyo inayopaswa kuufidia udhaifu huo, kwa sababu mali hiyo inaonekana kwa macho na haiwezi kufichwa. Sheria ya mwaka 1983 ya utozaji wa kodi ya majengo mijini ilizipa halmashauri uwezo wa kutoza kwa kufuata thamani ya jengo. Baadaye, kwa ajili ya kurahisisha makusanyo, vikawekwa viwango vya namna moja, na tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, yaani ule unaolipiwa kabla ya kutumika. Tangu Julai 2023 kiwango ni shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi, kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na shilingi 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa mijini. Maana yake ni kwamba nyumba ya chini yenye bwawa la kuogelea na bustani kule Masaki hukatwa shilingi 1,500 zilezile zinazokatwa kwenye nyumba ya tofali za kuchoma ya Mbagala, na kwamba jengo la sakafu kumi katikati ya jiji, lenye thamani ya mabilioni, hudaiwa kodi ya majengo ya shilingi 900,000 kwa mwaka, chini ya theluthi moja ya kodi ya yule mfanyakazi wa milioni moja na nusu. Mwenye jengo hudaiwa pia kodi ya mapato ya pango, iwapo analitangaza, pamoja na pango la ardhi linalolipwa kwa ajili ya kiwanja. Lakini kodi ya jengo lenyewe haijui kama jengo ni kasri au kibanda. Tena katika nyumba za kupangisha anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, kwa hiyo kodi ya mali huishia kulipwa na asiye na mali.

Haki inadai pia kwamba upande wa pili, wa wanaotaka matajiri watozwe zaidi, usiachwe uzidishe mambo. VAT si kodi ya maskini pekee kama inavyodaiwa majukwaani, kwa kuwa vyakula vya msingi ambavyo havijasindikwa vimesamehewa, na anayetumia sana hutozwa sana. Mfano ulio bora wa kodi iliyowalemea wadogo ni tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, iliyoanzia shilingi 10 na kukomea shilingi 10,000 hata kama fedha zilizotumwa zilikuwa nyingi kiasi gani, hata kadiri mtumaji alivyokuwa mkubwa ndivyo uwiano wa tozo ulivyokuwa mdogo. Malalamiko yalifanya ipunguzwe kwa asilimia 30 ndani ya miezi michache, ikapunguzwa tena mwaka uliofuata.

Kuhusu hatua za kuchukua, orodha ni fupi na haina siri. Dawa inayopendwa kuliko zote, ya kupandisha kiwango cha juu cha PAYE, iwe ya mwisho: nchini Kenya kiliongezwa mwaka 2023 hadi asilimia 32.5 na 35 kwa mishahara mikubwa, huku riba ya hatifungani za miundombinu ikiendelea kusamehewa, na matokeo yake ni kumkamua aliyekwisha kukamatwa na mfumo. Pendekezo lililopelekwa mwaka 2024 kwa kundi la nchi za G20, la kuwatoza mabilionea wa dola angalau asilimia 2 ya mali zao kila mwaka, lilihusu watu wapatao 3,000 duniani kote na halitajaza bajeti ya Dodoma. Yanayowezekana hapa ni haya: kodi ya majengo irudishwe kwenye thamani, hata kwa madaraja machache ya maeneo kwa kuanzia, msamaha wa riba ya hatifungani kwa mtu binafsi uwekewe ukomo, taarifa za hati miliki za ardhi, magari na wamiliki halisi wa kampuni, ambazo serikali tayari inazo katika ofisi tofauti, ziunganishwe na TIN ya mtu, pawepo kitengo cha kufuatilia watu wenye mali nyingi, kama kile cha Uganda, chenye wakaguzi na meno, na gharama ya kila msamaha wa kodi ichapishwe pamoja na faida yake. Tishio kwamba mitaji itahama lipewe uzito linapohusu viwanda na fedha taslimu, si linapohusu ardhi, kwani kiwanja cha Oysterbay hakina pasipoti.

Mwananchi naye ana ya kufanya. Adai risiti ya EFD, maana VAT aliyokwisha kuilipa bila risiti humtajirisha muuzaji. Mpangaji aweke kumbukumbu za makato ya LUKU na kudai yapunguzwe kwenye pango, kwa kuwa kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Na mwenye hoja aiwasilishe Wizara ya Fedha inapopokea mapendekezo ya maboresho ya kodi, miezi kadhaa kabla ya Juni, akitaja kodi gani, kiwango gani na nani ataibeba, kwa kuwa pendekezo linalosema tu kwamba matajiri walipe zaidi haliwezi kuandikwa katika kifungu chochote cha sheria.